Kabla hujapanda ndege kwa mara ya kwanza, ijue safari yako

Ukikaa miaka kadhaa nyuma ya dirisha la uhamiaji, msafiri wa mara ya kwanza unamtambua kwa swali moja tu. Unamuuliza, "Unakwenda wapi?" Naye anageuka nyuma kana kwamba aliyemleta bado yupo, au anatoa simu ampigie mtu. Tiketi alikata binamu, viza ameshughulikia wakala, mahali pa kulala anapajua mwenyeji. Yeye kaja na mwili wake tu.

Swali lile halina mtego. Tunauliza kwa sababu wapo wanaosafirishwa kwa ahadi za kazi wasizozielewa, na kukaa naye dakika mbili dirishani huenda ndiyo nafasi ya mwisho ya mtu kuokolewa. Mwenye safari yake hujibu kwa pumzi moja: nakwenda Mumbai kumuuguza mama, hospitali ni hii, nakaa wiki tatu, tiketi ya kurudi hii hapa. Akimaliza anagongewa mhuri, anapita. Kama kuna anayekusaidia kupanga safari, asante kwake, lakini kila karatasi aliyoijaza uisome mwenyewe kabla ya siku ya kuondoka.

Anza na jina. Majina yetu kwa kawaida ni matatu, la mtu, la baba na la babu, na wengi hatuna jina la ukoo kwa maana inayotakiwa na fomu za mashirika ya ndege. Tuseme pasi yako imeandikwa Asha Juma Mbwana. Binamu anajaza Asha Juma, maana ndivyo anavyokujua tangu utotoni. Kaunta ya ndege haikukujua utotoni. Fungua ukurasa wenye picha yako, tazama chini kabisa: kuna mistari miwili ya herufi kubwa na alama kama vichwa vya mishale. Hapo ndipo mashine inaposoma. Baada ya herufi P na kifupi TZA linafuata jina ambalo dunia nzima italichukulia kuwa la ukoo, kisha vichwa viwili vya mishale, kisha majina yako mengine. Tiketi na viza vinakiliwe kutoka hapo, herufi kwa herufi. Hamis na Hamisi mtaani ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ni wawili. Na kama pasi yako ina jina moja tupu, fahamu kwamba Falme za Kiarabu, tangu Novemba 2022, haziwapokei wageni wa matembezi wa namna hiyo.

Kisha tarehe. Pasi ya kielektroniki tuliyoanza kuitoa mwaka 2018 hudumu miaka 10, na hapo ndipo watu hulala. Nchi nyingi zinataka pasi iwe imebakiza angalau miezi sita. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen zinataka miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kwao, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na maombi ya viza yao hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Ukienda ubalozini zikiwa zimebaki siku tano, usimlaumu mtu.

Chanjo ya homa ya manjano nayo haikubali haraka. Cheti chake kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Kikishapatikana hakuna haja ya kurudia, kwani tangu Julai 2016 ni cha maisha. Cheti cha kununua bila kuchomwa ni kosa la jinai, achilia mbali kwamba hakikukingi na chochote.

Sasa begi. Hapa naomba tukae kidogo.

Kuna ombi ambalo karibu kila msafiri analipata siku mbili kabla ya kuondoka: "Nipelekee kijimzigo kidogo, kuna mtu atakupokea." Kwetu kukataa ni ukosefu wa adabu, hasa anayeomba akiwa shangazi au jirani mliyeishi naye miaka. Kataa. Au pakia wewe mwenyewe, kitu kimoja kimoja, ukifungua kila mfuko na kila kopo. Sheria ya nchi unayokwenda haitamtafuta shangazi. Begi lina jina lako, basi na kilichomo ni chako. Mwaka 2013 padri John Wotherspoon, anayewahudumia wafungwa Hong Kong, alichapisha mtandaoni barua za Watanzania waliofungwa kule kwa dawa za kulevya, wakiwaonya ndugu zao nyumbani wasibebe. China Bara, kosa hilo linaweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo.

Hata dawa zako halali zinahitaji akili. Tramadol na dawa zenye codeine, ambazo hapa huandikiwa mgonjwa wa maumivu, katika Falme za Kiarabu zinadhibitiwa vikali na huombewa kibali mapema. Zibebe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Mirungi usiifikirie kabisa; hata Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014.

Chakula cha nyumbani ni huzuni nyingine. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu, na matunda karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea. Yasiyodai ni matano: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Embe la Tabora litaishia kwenye pipa la forodha, nazi ya Tanga itapita.

Pawa benki iwe kwenye mzigo wa mkononi, vimiminika visizidi mililita 100 kwa chupa. Ukibeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000, zitangaze forodhani. Kutangaza hakukunyang'anyi kitu, kuficha ndiko kunakokunyang'anya. Ukikabidhi begi kaunta soma kitambulisho wanachokifunga begini, chenye herufi tatu za uwanja linakokwenda: BOM ni Mumbai, herufi zilizobaki tangu ilipoitwa Bombay, na CAN ni Guangzhou wala si Kanada. Kikiandikwa mji wa kubadilishia ndege, uliza papo hapo.

Wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa niwaongezee neno. WhatsApp na Google kule zimefungiwa, kwa hiyo anwani ya hoteli ichapishwe kwenye karatasi, kwa herufi za Kichina, ili dereva wa teksi aisome. Sheria yao inataka mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakufanyia. Ukifikia kwa rafiki ni jukumu lako na lake, na rafiki wengi hulisahau.

Mwisho, hesabu siku zako. Stika ya viza ya Schengen ina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na sehemu nyingine imeandikwa idadi ya siku. Mtu anaona tarehe 1 hadi 30 anashangilia mwezi mzima, kumbe ameandikiwa siku 10. Siku ya 11 ameshavunja sheria, hata kama tarehe 30 iko mbali. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka inahesabiwa pia, hata ukitua saa tano na nusu usiku.