Methani si moshi wa dampo

Katika mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi, mjumbe mmoja alisimama kuzungumzia dampo, akanyoosha mkono kuelekea upande lilipo na kusema kwamba "methani ile inayofuka" ndiyo inayowakohoza watoto. Malalamiko yake yalikuwa ya haki kabisa, kwa sababu moshi wa taka ni sumu. Hata hivyo, kitu alichokitaja sicho, na kwa kuwa nimelisikia neno hilo likitumika hivyo mara nyingi mno, naona ni vyema nilieleze.

Methani ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na nne za haidrojeni. Haina rangi, haina harufu, ni nyepesi kuliko hewa, na hushika moto. Katika taka huzalishwa na vijiumbe vinavyoishi mahali pasipo na oksijeni. Uvundo unaotupiga puani tunapopita karibu na dampo hutokana na gesi nyingine, hasa zile zenye salfa, na moshi tunaouona ni masizi na chembechembe za vitu vinavyoungua.

Jina lenyewe lina historia inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1776 mwanafizikia wa Italia, Alessandro Volta, alikusanya mapovu yaliyokuwa yakipanda kutoka kwenye matope ya Ziwa Maggiore, akagundua kwamba gesi iliyomo inawaka, lakini hakuiita methani. Mwaka 1834 wanakemia wawili wa Ufaransa, Jean-Baptiste Dumas na Eugène Péligot, waliokuwa wakichunguza spiriti inayopatikana kwa kuunguza mbao katika chombo kilichofungwa, waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya divai na jingine ya mti, wakapata mzizi wa jina. Mwaka 1866 mkemia wa Ujerumani, August Wilhelm von Hofmann, akaupa mzizi huo kiishio kinachotumika hadi leo, nasi tukaupokea kupitia Kiingereza. Ndani ya neno hili, basi, mna pombe na mti, wala hamna moshi.

Nadhani kinachotupotosha ni kwamba tunatumia kitenzi kimoja, kuoza, kwa mambo mawili tofauti. Mama anayetandaza maganda ya ndizi na vipande vya mgomba chini ya kahawa kihambani, yaani katika shamba la nyumbani, anayaozesha, lakini hewa inapita, wadudu wanafanya kazi yao, na baada ya muda anapata mboji bila methani ya kutaja. Maganda hayo hayo yakitoka katika soko la Mbuyuni, au la Kilombero kule Arusha, yakafungwa kwenye mfuko, yakapakiwa katika gari la taka na kufukiwa chini ya mita kadhaa za taka nyingine, hayapati hewa. Kuoza huku kwa pili mimi hupenda kukuita kuvunda, ingawa kamusi hazitofautishi maneno haya kwa ukali ninaoutaka. Hapo ndipo methani inapozaliwa, si siku ile ile bali baada ya miezi, na huendelea kutoka kwa miaka mingi baada ya watu kusahau kilichofukiwa.

Suala hili linazihusu zaidi nchi kama yetu kwa sababu ya aina ya taka zetu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mabaki ya chakula na majani ni asilimia 56 ya taka katika nchi za kipato cha chini, na asilimia 32 katika nchi za kipato cha juu. Methani nayo, uzito kwa uzito, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa katika kipindi cha miaka 20. Tena, dampo la kina kirefu lililoshindiliwa vizuri, tunalolisifu kwa usafi wake, huzalisha methani nyingi kuliko jalala la kina kifupi, na kama halina mabomba ya kuikusanya, gesi hiyo yote hutafuta njia ya kutokea.

Kosa linaloniumiza zaidi ni lile linalofuata baada ya hili la jina. Watu husikia kwamba wataalamu huchoma methani, kisha wanahitimisha kwamba kuchoma taka ni jambo jema. Kinachochomwa ni gesi iliyokwisha kukusanywa, ambayo ikiungua vizuri hugeuka hewa ukaa na mvuke wa maji. Anayetaka kuona tofauti aingie jikoni kwenye nyumba yenye mtambo wa biogesi, kama ile ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, imeisambaza kwa miaka mingi, afungue koki na kuwasha kiberiti. Mwali wake ni wa buluu, sufuria haishiki masizi, na macho hayawashi. Sehemu kubwa ya gesi ile, iliyotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe wawili watatu wa zizini, ni methani.

Kwa hiyo ndugu yangu mjumbe, tutakapokutana tena, nakuomba useme kwamba moshi wa taka zinazochomwa unawakohoza watoto, nami nitakuunga mkono. Methani itaje unapozungumzia upande ule wa dampo ambao umefunikwa udongo, umeota majani, na haufuki chochote.