Je, wajua kwa nini konokono wa mikokoni hatulii ndani ya chupa ya kufugia kamba?

Nyumba za kale za Lamu hazikuona ajabu kufuga kiumbe wa majini ndani. Chooni palikuwa na birika la maji ya kuogea, na ndani ya birika visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa lilijengewa bakuli la kaure, ili maji yakishuka visamaki vipate pa kujibanza. Ndiyo maana nilipoweka chupa pana ya kioo kwenye kidaka cha ukuta wa ukumbini, lita tano za maji, mchanga kidogo na kamba wadogo kumi na wawili, wazee walioingia walitazama, wakauliza kama wanaliwa, basi. Aliyenisumbua ni mtoto wa ndugu yangu, wa miaka tisa.

"Ami, mbona huyu konokono wako ametoroka tena?"

Kweli alikuwa ametoroka. Alikuwa ukutani, shibiri moja juu ya mdomo wa chupa, amejibandika kwenye chokaa kwa ute wake na kufunga mlango wa gamba lake. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Nilimjibu mtoto kwamba konokono huyo ni mtundu, jibu la mtu asiyejua. Jibu lenyewe lilinijia baadaye, na ni fupi: chupa haina kupwa wala kujaa.

Hebu tuanze na maji. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chukua kipimo kimoja cha maji hayo, utie vipimo viwili vya maji ya mvua, na kila lita itabaki na gramu 12 hivi, munyu uliozidi kidogo ule wa mchuzi. Hayo ndiyo maji ya chumvichumvi, jamaa ya yale unayoyakuta Mto Sabaki unapomwagika baharini kaskazini mwa Malindi, au kwenye vidimbwi vya mikokoni baada ya mvua. Kamba ninaowafuga ni wale wa angavu, wadogo kama ukucha, ambao ukiinama kwenye kidimbwi unaona macho yao kabla ya kuona mwili. Si uduvi, uduvi huishi kwa kuelea na makundi yake baharini, hawezi maisha ya chupani.

Mtindo huu wa kufuga kamba kwenye chombo kidogo umevuma kwa sababu ya kamba wa Hawaii, Halocaridina rubra, ambao wenyeji huwaita opae ula. Ni wekundu, hawazidi sentimita moja na nusu, na wanaishi kwenye vidimbwi vya miamba ya volkano ambako maji ya bahari hupenya chini kwa chini na kukutana na maji matamu. Hula ukungu wa mwani na bakteria ulioota kwenye mawe, na wamejulikana kuishi zaidi ya miaka 10. Kila anayewafuga hufika mahali akataka konokono pia, wa kulamba kioo na kuzoa mabaki. Na hapo ndipo wengi hukosea, nikiwemo mimi, kwa kuchagua kwa macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tondo. Ndiye konokono mkubwa kuliko wote wa mikokoni kwetu. Aliyekomaa hupita urefu wa kidole cha kati, gamba lake zito la kahawia lenye mistari. Nilichukua mdogo, nikajisemea huyu atakua pole pole. Sikujua kwamba tondo ana maisha mawili. Akiwa mdogo hulamba tope na vijidudu vyake. Akikua, meno ya ulimi wake hubadilika, naye huanza kutafuna majani ya mkoko yaliyoanguka. Watafiti waliofanya kazi kwenye mikoko ya Kenya wameona kwamba tondo mmoja akianza kula jani, wenzake huifuata harufu ya jani lile lililotafunwa mpaka wakakusanyika juu yake kama watu kwenye sinia ya pilau. Ndani ya chupa yangu hapakuwa na tope la maana, wala mti wa kuangusha jani. Alikaa siku kumi hivi bila kusogea. Nilidhani amepumzika.

Asubuhi moja maji yalikuwa na ukungu wa maziwa, na ukumbi mzima ulinuka. Kamba wanane walikuwa wamelala ubavu, weupe kama waliochemshwa. Nyama ya tondo mmoja ikioza hutoa amonia, na lita tano hazina pa kuipeleka. Kule mikokoni maiti kama hiyo isingetambulikana: kaa wangeitafuna, na maji yangeingia na kutoka mara mbili kwa siku. Bamvua kwenye pwani yetu hupandisha bahari zaidi ya mita tatu. Hebu fikiria ufagio wa namna hiyo, halafu uutazame mtungi ulioketi kidakani.

Tangu siku ile, jambo la kwanza ninalouliza kuhusu konokono yeyote si rangi yake wala umbo. Nauliza: akifa usiku, ataharibu maji kiasi gani? Kwa lita tano, nyama ya konokono isizidi punje ya mahindi.

Kosa la pili ndilo la huyo mtoro. Alitimiza sharti la udogo, na sura yake ilinipendeza: gamba refu lililokatika ncha, kama penseli iliyovunjika. Ukatikaji huo si ajali. Aina hii hupoteza ncha ya gamba ikikomaa, na ndiyo maana wataalamu waliipa jina Cerithidea decollata, yaani aliyekatwa kichwa. Utamwona kwenye mashina ya mikoko aina ya mchu. Maji yakipwa hushuka kwenye tope kula, na kabla hayajarudi hupanda mti. Neno ni hilo *kabla*. Hangoji maji yamguse. Huko hori la Mida, karibu na Watamu, kusini mwa Malindi, watafiti wamemfuatilia miaka mingi na kukuta anapanda akiwa bado mkavu, kana kwamba ana saa ya bahari ndani ya gamba.

Sasa mtie mnyama huyo kwenye chupa. Maji yamemfunika, na hayaondoki. Kwake yeye bahari imejaa na haijapwa kwa wiki nzima. Afanye nini? Hupanda. Akifika mwisho wa kioo hupanda ukuta. Nilipoelewa hilo nilimchukua mtoto tukavuka kwa mashua hadi upande wa Manda maji yakiwa yametoka, tukamweka mtoro wetu chini ya mchu. Alikaa kama robo saa amefunga, kisha akatoa pembe zake, akaanza kulamba tope kama hakuna kilichotokea. Mtoto alitaka tungoje aone kama kweli atapanda. Nahodha hakutaka.

Wa tatu ni wale wa mviringo, wafupi, wenye michirizi au madoa, wanaong'ang'ania mawe na nguzo za gati. Wafugaji wa nchi nyingine huwapenda sana, maana hakuna anayewashinda kwa kukwangua mwani, na jamaa zao kadhaa huishi kabisa kwenye maji ya chumvichumvi ya mitoni. Nami nawapenda. Lakini wana mambo mawili. Kwanza, hukwangua kweli: chupa ya lita tano ikikaa kwenye kidaka chenye kiza, mwani wake wote huisha kwa siku chache, na baadaye konokono anashindwa na njaa huku kamba naye ananyang'anywa riziki. Pili, hutaga vidonge vyeupe vigumu kama ufuta, kwenye mawe, kwenye kioo, hata kwenye gamba la mwenzake, na havibanduki ila kwa wembe. Watoto wanaototolewa humo, kwa aina nyingi, hulazimika kuelea baharini kwa muda kabla ya kuwa konokono. Chupani hufa wote. Utabaki na ufuta kwenye kioo na mfugo usiozaa.

Na konokono wa baharini hasa, wale wa ufukweni? Hao ndio wanaotudanganya zaidi, kwa sababu huonekana wamekubali. Mwili wa konokono wa bahari una chumvi inayolingana na ya maji yanayomzunguka. Ukimtia kwenye maji mepesi, maji hupenya nyama yake na kumvimbisha. Basi hujivuta ndani na kufunga kile kifuniko kigumu kilicho mguuni mwake, akangoja maji yageuke, kama anavyofanya mvua kubwa ikinyesha juu ya mwamba. (Kifuniko hicho, kwa aina fulani za konokono wakubwa, ndicho kinachosagwa tangu zamani na kutiwa kwenye manukato ya kufukizia. Pua zetu zinamjua konokono kuliko tunavyodhani.) Kufunga mlango ni hila nzuri kwa muda wa saa sita. Chupani maji hayageuki, na aliyejifungia hufa njaa nyuma ya mlango wake mwenyewe, nawe unasema ametulia. Isitoshe, wengine ni walaji nyama, na kombe nyingine ukiigeuza inatoa miguu: kaa mdogo amehamia, naye kamba ni kitoweo chake. Wala usiokote chochote ndani ya mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968. Ni marufuku.

Aliyebaki ni yule ambaye nisingeinama kumwokota. Gamba lake ni kama parafujo ndogo, kahawia yenye vidoti, sentimita moja au mbili. Kitaalamu ni Melanoides tuberculata, mzaliwa wa Afrika na Asia, anayeishi mitoni, visimani na kwenye mitaro ya kunyweshea mashamba. Wangu nililetewa kutoka mtaro wa shamba la mboga upande wa Malindi. Ni wa maji matamu kwa asili, ila ni mstahimilivu wa chumvi. Ukimzoesha taratibu, kikombe kimoja cha maji ya chumvichumvi kutoka chupa ya kamba kila baada ya siku moja kwa muda wa wiki mbili, anakaa.

Anachonifurahisha ni kwamba hana haja na bahari. Jike huzaa bila dume. Hatagi mayai ya kuelea; watoto hukulia kwenye mfuko ndani ya mwili wake na kutoka wakiwa konokono kamili, na gamba lao, wadogo kama punje ya ulezi. Mchana hujizika mchangani, na kwa kufanya hivyo huugeuza mchanga usivunde. Akifa mmoja ni tone tu la nyama, kamba wanalimaliza wenyewe.

Lakini hapa pana hatari, na ni ya mtu wala si ya kamba. Mitaro na madimbwi hayo hayo ya maji matamu ndiyo makazi ya Bulinus, konokono anayebeba vijidudu vya kichocho, ugonjwa wa kukojoa damu ambao pwani inaujua vizuri. Usiingie majini miguu mitupu kwa ajili ya konokono. Na kila uliyemletewa mtazame hivi: shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo wake ukuelekee wewe. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia na una kifuniko, huyo ni parafujo. Ukiwa upande wa kushoto na hauna kifuniko, mtupe nchi kavu juani, ukanawe. Mimi hutumia koleo kwa kazi hiyo, na hata waliofaulu huwaweka peke yao kwenye maji ya chumvichumvi mwezi mzima kabla hawajaonana na kamba.

Mengine ni madogo. Watatu wanatosha kuanzia. Kipande cha gamba la ngisi, lile jeupe jepesi linaloletwa na mawimbi, huwapa chokaa ya kujengea magamba. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie, huua kamba na konokono pamoja. Chupa niliitoa kidakani nikaiweka kwenye dirisha linaloelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, ipate mwanga bila jua kali. Na kwa kuwa maji hukauka ila chumvi haikauki, nilichora mstari kwenye kioo: lita tano zenye gramu 60 za chumvi zikishuka hadi nne, kila lita sasa ina gramu 15. Kinachojazwa hapo ni maji matamu, si ya bahari.

Mtoto ndiye mwenye kazi ya kujaza hadi mstarini. Juzi umeme ulikatika baada ya isha, akamulika chupa kwa tochi na kuniita. Mchangani palikuwa panatikisika. Parafujo mmoja alitokeza, nyuma yake mwingine, kisha vitu ambavyo nilidhani ni chembe za mchanga vikaanza kupanda kioo. Alihesabu mpaka thelathini na moja.

"Ami, hawa nao wanatoroka?"

Walifika usawa wa maji, wakageuka, wakashuka.