Je, wajua kwa nini joto la Mombasa halipaswi kukuchagulia plagi za gari?

Mwenye gari la petroli anayelipeleka gereji hapa Mombasa, iwe ni Shimanzi, Changamwe au Kisauni, hachukui muda kabla ya kusikia ushauri unaotolewa kwa yakini kubwa: pwani kuna joto jingi, kwa hiyo plagi (vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini) zilizokuja na gari kutoka Japani zitolewe, na mahali pake ziwekwe zilizo "baridi" kwa namba moja zaidi. Ushauri huo una sura ya busara, kwa sababu ni kweli kwamba plagi hugawanywa kuwa za moto na za baridi, na ni kweli pia kwamba mji wetu una joto. Kosa limo katika kuyaunganisha mambo hayo mawili, na ili kulitambua ni lazima kwanza tuangalie plagi inafanya kazi katika mazingira gani.

Ncha ya plagi hukaa ndani ya silinda, ambamo petroli na hewa huwaka kwa joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, kisha punde si punde hupitiwa na hewa mpya inayoingia kwa ajili ya mripuko unaofuata. Katika injini ya mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa kila sekunde. Katika hali hiyo ncha inatakiwa ibaki baina ya mipaka miwili. Ikikaa chini ya takriban nyuzi 450, masizi hayaungui bali hujikusanya juu ya kauri, ile sehemu nyeupe inayoizunguka ncha, na kwa kuwa masizi hupitisha umeme, volti zilizokusudiwa kuruka kama cheche huponyoka pembeni. Ikipanda juu ya takriban nyuzi 850, ncha yenyewe hugeuka kaa la moto na kuanza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, na mripuko wa namna hiyo ukiendelea kwa muda unaweza kutoboa pistoni.

Kinachoiweka ncha baina ya mipaka hiyo ni urefu wa pua ya kauri iliyoizunguka. Plagi ya moto ina pua ndefu, hivyo joto husafiri mbali kabla ya kufika kwenye chuma cha plagi. Plagi ya baridi ina pua fupi, na joto huondoka upesi. Kutoka kwenye chuma, joto hupita kwenye hesi (zile nyuzi za kuskurubia plagi) na wasa, yaani pete ya chuma iliyo juu ya hesi, likaingia katika kichwa cha injini, na mwisho likachukuliwa na maji ya rejeta. Tofauti ya plagi ya moto na ya baridi, basi, haihusu ukali wa cheche hata kidogo, ingawa wapo wauzaji wanaoieleza hivyo. Inahusu kasi ya kutoa joto tu.

Sasa tulete joto la Mombasa katika hesabu. Mwezi wa Machi, ambao ni miongoni mwa miezi ya joto kali zaidi, mchana hufika kiasi cha nyuzi 33, wakati Nairobi hukaa kwenye ishirini na kitu. Tofauti ya nyuzi chini ya kumi katika hewa inayoingia mahali penye moto wa nyuzi 2,000 haitoshi kuihamisha ncha ya plagi kutoka kundi moja hadi jingine. Zaidi ya hayo, maji yanayolichukua joto la plagi hudhibitiwa na tamostati, yaani valvu inayofunguliwa na joto, ambayo katika injini nyingi huanza kufunguka yanapofika nyuzi 80 na kitu, gari liwe Likoni au Limuru. Mtengenezaji alipoichagulia injini namba ya plagi alikwisha kuzingatia kwamba gari hilo hilo litaendeshwa katika baridi ya theluji na katika kiangazi cha Japani, ambacho nacho si haba.

Jambo la kushangaza ni kwamba matumizi ya gari Mombasa mara nyingi huelekea upande wa pili kabisa. Gari linalosimama kwenye foleni ya kivuko cha Likoni injini ikinguruma, au linalotambaa kutoka Changamwe kuingia kisiwani asubuhi, halichomi mafuta mengi, na plagi zake huwa karibu na mpaka wa chini, ule wa masizi. Ukiongeza plagi za baridi juu ya hali hiyo, unazinyima joto lile dogo ambalo lingezisafisha. Na wapo mafundi wa pwani ambao, kwa hofu ile ile ya joto, huing'oa tamostati na kuacha maji yazunguke bila kizuizi. Injini basi huchelewa kupata joto lake, kompyuta huidhania ingali baridi na kuendelea kuiongezea petroli, na masizi huzidi. Gari lililotendewa mambo yote mawili huanza kumisi, yaani kukosa mripuko katika baadhi ya silinda, baada ya muda, na lawama huishia kwa plagi zilizowekwa juzi.

Pwani inaweza kuwa na athari kwa plagi, ila kwa njia ambayo haitajwi sana gereji. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, hivyo hewa ya huku ni nzito zaidi kwa takriban moja ya tano. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, silinda hujaa hewa nyingi kuliko ingejaa Nairobi, na kadiri hewa inavyobanwa zaidi ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lililo baina ya ncha ya kati na ukucha wa chuma wa pembeni. Plagi iliyochakaa, ambayo pengo lake limepanuka, inaweza basi kuvumilia bara na kuanza kusumbua huku wakati gari limepakia na linasukumwa kwa nguvu. Dawa yake ni plagi mpya za namba ile ile zenye pengo sahihi.

Kuhusu namba zenyewe, hapa ndipo mtu mwangalifu anapoweza kupotoshwa hata na fundi mwenye nia njema. Kila kampuni ya plagi ina namba zake. Katika plagi za NGK na za Denso, namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi. Katika Bosch na Champion, namba ikipanda plagi huwa ya moto zaidi. Wala kipimo si kimoja: 5 ya NGK inalingana na 16 ya Denso, na 6 ya NGK inalingana na 20 ya Denso, ilhali katika Bosch hizo mbili hulingana na 8 na 7, kwa mpangilio huo. Mtu aliyetoa NGK yenye 6 akapewa Bosch yenye 8, akidhani amepanda kuelekea ubaridi, kwa hakika ameshuka ngazi moja kuelekea moto.

Herufi zinazoizunguka namba zina uzito uleule. Chukua BPR6ES ya NGK, ambayo ni maarufu madukani. B ni hesi ya kipenyo cha milimita 14, P ni pua ya kauri iliyochomoza, R ni rezista inayozuia kelele za umeme zisiingie katika redio na kompyuta ya gari, 6 ni kundi la joto, E ni urefu wa hesi wa milimita 19, na S ni aina ya ncha. Kwa maoni yangu herufi ya urefu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Hesi fupi kuliko inayotakiwa huacha nafasi ambayo hujaa masizi, na ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni siku hiyo hiyo. Tarakimu 11 zikiwa mwishoni, kama katika plagi nyingi za Toyota, humaanisha pengo la milimita 1.1.

Namba sahihi hupatikana wapi? Magari mengi yanayoshuka bandarini Kilindini yametumika Japani, na kitabu chake, kama hakijapotea, kimeandikwa Kijapani. Njia ya uhakika ni kutumia namba ya chesisi pamoja na jina la injini kutafuta katika katalogi ya mtengenezaji wa gari au wa plagi. Kuifuata plagi iliyotolewa peke yake hakutoshi, kwa sababu aliyeiweka huenda naye alisikiliza ushauri wa joto.

Swali la pili ambalo fundi na mteja hubishania ni la madini. Plagi ya kawaida, ambayo wauzaji huiita ya kopa, ina shaba katika kiini tu, na kiini cha shaba kimo pia katika plagi karibu zote za bei kubwa; ncha ya hiyo ya kawaida ni ya aloi ya nikeli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, platinamu kwenye 1,768, na iridiamu juu ya 2,400. Kwa uimara huo, ncha ya iridiamu inaweza kufanywa nyembamba hadi milimita 0.4 bila kuliwa upesi, na ncha nyembamba huhitaji volti chache. Nikeli hudumu kati ya kilomita 20,000 na 40,000 hivi. Iridiamu ya maisha marefu inaweza kukaribia 100,000. Nasema ya maisha marefu kwa makusudi, kwani zipo plagi za iridiamu zenye madini hayo kwenye ncha ya kati peke yake, huku ukucha wa pembeni ukiwa wa nikeli tupu, na hizo hazifiki mbali hivyo.

Fundi anayekwambia kwamba gari lako la zamani lililoundwa kwa nikeli halitapata nguvu mpya kwa iridiamu anasema kweli, na amekuokolea fedha. Fundi anayetaka kurudisha nikeli katika injini iliyoundwa kwa iridiamu, kwa kuwa bei yake ni rahisi, anapaswa kuulizwa zaidi, hasa kama ni injini ya silinda sita ambayo plagi za nyuma hazifikiki mpaka bomba la kuingizia hewa lifunguliwe; hapo ufundi hugharimu kuliko plagi. Ama plagi zenye kucha tatu au nne, hazitoi cheche tatu au nne. Cheche huruka kwenye ukucha mmoja kila mara, ule wenye njia nyepesi, na faida ya kucha nyingi ni kugawana uchakavu.

Gari linapomisi na fundi akatoa hukumu kwamba plagi zimekufa, ombi moja la adabu linatosha: "Fundi, samahani, nionyeshe ulizotoa, na uziweke kwa mpangilio wa silinda." Rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu ni ya afya. Masizi makavu meusi huelekeza kwenye petroli iliyozidi au filta ya hewa iliyoziba. Mafuta ya injini yakilowesha ncha, tatizo lina uwezekano wa kuwa kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Yakiwa juu, kwenye shimo la plagi, tuhumu gasketi ya mfuniko wa valvu. Weupe wenye malengelenge ni dalili ya joto lililopita kiasi. Lakini ile pete ya hudhurungi kwenye kauri ya nje, inapokutana na chuma, ambayo baadhi ya mafundi huionyesha kama ushahidi kwamba plagi "inavujisha", ni vumbi la mafuta lililovutwa na umeme wa volti kubwa, na haina madhara.

Ikiwa plagi zote zinafanana na hazina kasoro, itazamwe koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa volti kubwa. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha P0301, maana yake silinda ya kwanza inakosa mripuko; koili yake ikihamishiwa silinda ya pili na hitilafu ikageuka P0302, koili ndiyo mbovu na plagi hazina hatia. Wale wanaopenda injini zao zipigwe maji ya presha wakumbuke pia kwamba maji hayo hutuama katika mashimo ya plagi, na hewa yetu ya chumvi humalizia kwa kutu.

Plagi bandia zipo, na jina la NGK ni miongoni mwa yanayoigwa sana. Angalia maandishi kwenye kauri kama yamenyooka na hayafutiki, na jaribu kuitoa wasa kwa vidole. Ile ya halali imebanwa na haitoki kirahisi. Usikubali pia plagi za iridiamu zisuguliwe kwa brashi ya waya au msasa ili "zirudi upya", maana ncha nyembamba hiyo huvunjika, na chembe za chuma hubaki kwenye kauri zikipitisha umeme.

Kuna hali moja ambamo fundi anayetaka plagi baridi zaidi ana haki ya kusikilizwa, nayo ni pale injini yenyewe ilipobadilishwa, kwa mfano ikiongezewa presha ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) au mgandamizo wa silinda. Injini iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani haimo katika kundi hilo. Ikishapatikana namba sahihi, plagi iingizwe injini ikiwa imepoa, ianze kwa vidole hadi igote, kisha plagi mpya ya milimita 14 yenye wasa ikazwe kwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili, bila kupaka grisi kwenye hesi, kwa sababu grisi humfanya mkazaji apite kiasi pasipo kuhisi. Iliyokwisha kutumika, ambayo wasa yake imelala, huhitaji sehemu moja tu ya kumi na mbili ya mzunguko.