Si kila fedha isiyoonekana imeliwa

Kuna neno moja limenichosha: "Zimeliwa." Kimbunga kikishapita, Bunge la Marekani likatangaza mabilioni ya kujenga nyumba upya, kisha miaka miwili ikapita watu bado wanalala chini ya maturubai, hukumu huwa imeshatoka. Mimi kazi yangu ni kukagua ruzuku hizi. Wizi upo, sibishi. Ankara za kazi ambayo haikufanyika tunazikamata. Ila anayesaka mwizi tu hupitwa na hasara kubwa zaidi, ile inayopita mchana kweupe ikiwa na saini na mihuri yote.

Ucheleweshaji kwanza. Fedha iliyotengwa si fedha iliyotoka. HUD, yaani wizara ya nyumba, hugawa mafungu na kuchapisha masharti katika gazeti la serikali, jimbo huandika mpango, wananchi hutoa maoni, wizara huidhinisha, mkataba husainiwa. Ndipo jimbo huanza kuchota, tena kadiri linavyotumia. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, Septemba 2017. Kufikia Januari 2019, GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge, ilikuta kisiwa hicho hakijachota hata dola moja ya ruzuku hiyo. Texas, iliyopigwa na kimbunga Harvey, ilikuwa imechota takriban milioni 18 kati ya bilioni 5. Hakuna aliyezila. Zilikuwa bado Hazina.

Na mpango wenyewe wa ruzuku hizi hauna sheria ya kudumu. Janga kubwa likitokea Bunge hupitisha fungu jipya, na kwa miaka mingi wizara iliandika masharti mapya kila mara. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa HUD alikuta ruzuku 112 zinazoendelea, zaidi ya dola bilioni 47, zikiendeshwa kwa matangazo zaidi ya 60. Ofisa anayesimamia ruzuku za majanga matatu anaweza kujikuta anafuata masharti ya namna tatu katika mtaa mmoja, halafu tunamshangaa akikawia.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, jimbo la Louisiana lilianzisha mpango wa Road Home, ulioweza kumpa mwenye nyumba hadi dola 150,000. Kiasi kilikokotolewa hivi: chukua thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, chukua gharama ya kuikarabati, shika iliyo ndogo, kisha toa bima na misaada mingine. Kwa haraka unaona hesabu ya haki. Sasa weka nyumba mbili zinazolingana kwa ukubwa, zimefunikwa na maji yaleyale, kila moja inahitaji dola 120,000. Ya kwanza iko kwenye mtaa ambao soko linaithamini dola 60,000. Ya pili inathaminiwa 150,000. Kabla ya makato, wa pili anapata 120,000 na kujenga. Wa kwanza anapata 60,000 na kuishia katikati. Mbao, misumari na fundi bei yake ni ileile mitaa yote miwili.

Na mitaa iliyothaminiwa kidogo mjini New Orleans mingi ilikuwa ya watu weusi. Mwaka 2008 wakafungua kesi. Mwaka 2011 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 62. Mkaguzi akifungua jalada la yule mwenye nyumba wa kwanza, atakuta hati miliki ipo, tathmini ipo, hesabu imefuata kanuni. Safi. Ninachopimia ni kanuni, na tatizo lilikuwa ndani ya kanuni. Jimbo jirani la Mississippi nako, takriban dola milioni 570 zilizotokana na fungu la nyumba la Katrina zilihamishiwa bandari ya Gulfport mwaka 2008, wizara ikaridhia. Hapo utamkamata nani?

Eneo ambalo hata mimi sina jibu ni udai ushahidi wakati gani. Road Home pia ilitoa hadi dola 30,000 za kuinua nyumba juu ya kimo cha mafuriko. Watu wengi, ruzuku ya ukarabati ikiwa haitoshi, walizitumia kumalizia kuta na paa. Baadhi walisema maofisa wa mpango waliwaambia inaruhusiwa. Mwaka 2013 ripoti ya ukaguzi ilitaja wenye nyumba zaidi ya 24,000, karibu dola milioni 700, ambao haikuthibitika kama waliinua nyumba. Jimbo likawashtaki maelfu, na madai hayo hayakufutwa hadi Februari 2023. Nikidai risiti kabla ya malipo, mama mzee anakaa mwaka mwingine kwenye trela. Nisipodai, miaka kumi baadaye anapokea barua ya mahakama kwa fedha iliyo ndani ya kuta zake. Miongozo imeandikwa kana kwamba kuna njia ya katikati. Sijaiona, na ile ripoti ya 2013 kwa sheria ilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Kwa hiyo mpango wa jimbo lako ukitolewa kwa maoni, usipoteze muda kwenye kurasa za kuzuia ubadhirifu. Hizo hufanana kila mahali. Tafuta aya inayoeleza ruzuku ya kila nyumba inakokotolewa vipi, na inayosema nani atadaiwa nini baadaye. Ingiza namba za nyumba yako na za nyumba ya mtaa wa pili, kisha ulizia tofauti kwa maandishi, kabla wizara haijaidhinisha. Ikishaidhinishwa, jalada lako litanifikia mimi, na mimi nitaangalia tu kama hesabu ilifuatwa.