Waya ulioanguka bila cheche haujafa

Wengi huamini kwamba waya wa umeme ulioanguka ukatulia bila cheche umekwisha kufa. Si kweli. Katika njia za umeme za kilovolti 11 au 33 (yaani volti 11,000 au 33,000), waya ulioangukia mchanga mkavu au lami huweza kupitisha mkondo mdogo kiasi kwamba mitambo ya kinga, inayokata umeme hitilafu inapotokea, haiutambui, na hata swichi ikikata, huweza kujirudisha yenyewe baada ya sekunde chache. Tena ipo jenereta ya dukani iliyounganishwa ovyo, inayosukuma umeme kinyumenyume kupitia transfoma (hili husahaulika mno). Kwa hiyo fundi huwaweka watu mbali, huomba njia izimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, huipima kwa kipimio alichokijaribu kwanza, kisha huiunganisha na ardhi, ndipo anapougusa waya.