Pesa za wafadhili: yasemwayo barazani na mambo yalivyo

Taja wafadhili kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, kahawa ikimiminwa, na jibu utalipata papo hapo: wazungu wametoa, wakubwa wamekula. Si uongo mtupu. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza pesa zenyewe zilipitia mkononi mwa nani.

"Msaada wote huingia Hazina Kuu, Nairobi."

La. Nchi inayotoa inaweza kuzitia kwenye bajeti ya serikali yetu, ikaipa Benki ya Dunia au shirika la Umoja wa Mataifa, ikazipitisha kwa enjioo (mashirika yasiyo ya serikali), au ikailipa kampuni ya kwao iendeshe mradi. Hata mkopo tutakaoulipa wenyewe waweza kuwa na njia iliyochorwa mapema. Tazama kituo cha pili cha makontena upande wa Kipevu. Japani ilikubali kukopesha yeni bilioni 26.7 mwaka 2007, kituo kikafunguliwa 2016, na mkandarasi alikuwa Toyo Construction, kampuni ya Kijapani. Haikutokea kwa bahati: masharti ya mikopo ya aina hiyo yanataka mkandarasi mkuu awe Mjapani, na angalau asilimia 30 ya bidhaa na huduma zitoke Japani. Deni letu, tenda yao.

"Wakiiruka serikali, ni kwa sababu ya ufisadi wetu tu."

Ufisadi umo, tena sana. Baada ya kashfa ya vifaa vya Covid pale KEMSA, bohari ya dawa ya serikali, mwaka 2020, Marekani haikutaka tena dawa zake za ARV zipitie huko. Mapema 2021 shehena ikakwama hapa hapa bandarini. Serikali ilidai ushuru. Marekani nayo ilitaka kazi ya usambazaji ifanywe na Chemonics, kampuni ya kwao. Huku mivutano ikiendelea, kliniki zilianza kuwapa wagonjwa dawa za siku chache kuliko walivyozoea. Mwishowe njia iliyokubalika ilikuwa MEDS, bohari ya dawa iliyoanzishwa na makanisa.

Lakini Kenya hiyo hiyo, yenye KEMSA hiyo hiyo, iliendelea kufanya kazi na Japani kupitia serikali. Mbona ufisadi uleule haukuwatisha wote sawasawa? Mtafiti Simone Dietrich amelichimba suala hili. Marekani, Uingereza na Sweden, ambazo hata kwao zimezoea kukabidhi kazi za umma kwa kampuni na mashirika, ni nyepesi kuikwepa serikali ya nchi inayosaidiwa panapokuwa na utawala mbovu. Ufaransa, Ujerumani na Japani, zenye imani zaidi na mkono wa dola, huelekea kubaki mezani na serikali hiyo. Kwa hiyo tabia yetu inahesabiwa, ila na desturi za ofisi zao zinahesabiwa vilevile, na hilo sisi hatuna kura nalo.

"Enjioo pekee ndizo zinazofikisha pesa mashinani."

Watu wa Pwani ndio wa mwisho wanaopaswa kusema hivi. Katikati ya miaka ya 2000, Denmark ilisaidia mpango uliojaribiwa katika lililokuwa Jimbo la Pwani: pesa zilitumwa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya vya serikali. Kamati yenye wanakijiji ndani yake ikaamua matumizi. Zilikwenda kwenye mambo madogo yasiyopigwa picha: mshahara wa kibarua wa kufagia, nauli za wahudumu, ukarabati wa jengo. Ni zahanati za serikali, ni mfumo wa serikali, na shilingi ilifika. (Semina ngapi za hoteli za Nyali zinaweza kusema hivyo?) Baadaye utaratibu huo ukapanuliwa nchi nzima.

"SGR ni msaada wa China."

Reli hiyo mpya, kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilijengwa zaidi kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China, mmoja wa masharti nafuu na mwingine wa kibiashara. China wala haimo katika kamati ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, inayoweka hesabu za misaada ya nchi tajiri.

"Njia ikishachaguliwa imechaguliwa."

Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imekunjwa ndani ya wizara ya mambo ya nje ya huko. Wahudumu wa HIV waliokuwa wakilipwa kupitia mashirika washirika wakaambiwa wakae nyumbani. Kisha, tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, Marekani na Kenya zikatia saini Washington makubaliano ya afya ya miaka 5: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6, Kenya iongeze dola milioni 850 za kwake, na kazi ihamishwe kutoka kwa mashirika kwenda kwa serikali. Yaani serikali ile ile iliyoonekana haiaminiki 2021 sasa ndiyo mlango. Kilichobadilika zaidi ni Washington, maana huko mashirika ya misaada ndiyo yaliyokuwa yameangukiwa na shutuma za kula pesa.