Kurizaini kwenye chesi: yale ambayo vijiwe vyetu vya Mbeya vinayakosea

Kijiwe cha drafti hapa Mbeya mnakijua, iwe Mwanjelwa, Soweto au Uyole: ubao juu ya kreti ya soda, kete ni vizibo, wanaocheza wawili na wanaocheza kwa mdomo kumi na tano. Pale hamna mtu anajisalimisha. Unaliwa mpaka kizibo cha mwisho, unainuka, mwingine anakaa, na matani yanakusindikiza mpaka barabarani. Sasa chesi imeanza kukolea kwa vijana, hasa wa vyuo na wale walioizoea kwenye simu, na sheria za kijiwe tumezihamishia huko bila hata kuuliza, matokeo yake hii habari ya kurizaini, yaani kukubali yaishe kabla hujapigwa chekimeti (meti kwa kifupi, mfalme anashambuliwa na hana pa kukimbilia), kila mtu ana fatwa yake. Nyingi ya hizo fatwa hazina ukweli.

Dhana: anayerizaini ni muoga

Hii ndo imetoka kwenye drafti moja kwa moja. Kwenye sheria za FIDE, lile shirikisho la chesi la dunia, kukubali kushindwa kumeandikwa kabisa kwenye kifungu cha 5.1 kama njia halali ya mchezo kuisha, kumewekwa bega kwa bega na chekimeti, ukishatamka tu mchezo umeisha papo hapo. Na wachezaji wakubwa ndo wanaoongoza kuitumia, meti yenyewe kwenye michezo yao unaiona kwa nadra kwa sababu wote wawili wanaona mwisho mapema, sasa kuna haja gani ya kukaa masaa mawili kusubiri kitu ambacho mnakijua. Boris Spassky mwaka 1972 kule Reykjavik alipoteza taji la dunia kwa Bobby Fischer kwa kupiga simu. Mchezo wa 21 ulisimamishwa usiku, kesho yake Spassky hakutokea ukumbini, akapiga simu akasema nimekubali, refa Lothar Schmid akatangaza, biashara ikaisha. Na huyu ndo yule yule aliyesimama kumpigia makofi Fischer baada ya mchezo wa 6, kwahiyo mkitaka kumuita muoga shauri yenu.

Dhana: ukiwa nyuma kwa malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, lazima urizaini, usipofanya hivyo unamdharau mwenzio

Hapa ndo penye ugomvi wenyewe na wala sio vijana wa kijiweni tu, hata wanaojiita wazoefu wanaing'ang'ania hii. Hamna sheria inayokulazimisha kurizaini. Hata ubaki na mfalme peke yake, una haki ya kucheza mpaka meti, na mwenzako ana kazi ya kukumaliza, maana kama kweli ameshinda basi ashinde. Kinachonishangaza ni kwamba watu wanaona adabu mbaya iko kwa anayepigwa wakati sheria inamwangalia yule anayepiga, kifungu cha 11.5 kinakataza kumsumbua au kumkera mpinzani kwa namna yoyote ile, sasa niambie, kumuuliza mtu “we bado tu unacheza?” kama sio kumkera ni nini? Kuhema kwa sauti, kuegemea kiti na kuangalia dari, kusogeza kete kwa kidole kimoja kama unafukuza nzi, vyote hivyo ni tabia za mtu ambaye hajashinda bado ila ameshaanza kusherehekea.

Niliona moja Iringa maeneo ya Miyomboni, jamaa mzima na dogo wa sekondari. Jamaa ana malkia na ngome juu, dogo kabaki na mfalme kwenye h8, nyumba ya kona ya ubao, na askari mmoja aliyezibwa mbele hawezi kusogea. Jamaa anamwambia mdogo wangu hii imekwisha, rizaini watu wacheze. Dogo kwa heshima zote, “kaka naomba tu unimalize nijifunze”. Jamaa kwa hasira za kuharakisha akampeleka malkia g6, pwa! Wachezaji mmeshaona. Malkia akikaa g6 anafunga g7, g8 na h7 zote tatu, ila h8 yenyewe haigusi, kwahiyo mfalme hajapigwa cheki, yaani hashambuliwi, na hana pa kwenda, na kete nyingine haisogei. Hiyo ni stelimeti, ni sare. Jamaa alibisha kama dakika tano hivi, kwamba dogo hana muvu kwahiyo kashindwa, maana kwenye drafti ukikosa pa kusogea umekwenda na maji. Chesi haiko hivyo.

Na msidhani haya ni ya kijiweni tu. Kwenye ubingwa wa Marekani wa 1963/64 Larry Evans alikuwa anazama mbele ya Samuel Reshevsky, mmoja wa vigogo wa enzi hizo, badala ya kurizaini akatega. Akamtoa malkia wake sadaka, halafu akaitupa na ngome, Reshevsky akiila kwa kete yoyote ni stelimeti, asipoila inaendelea kumpiga cheki bila kikomo. Sare. Angesikiliza fatwa zetu hizi nusu pointi angeiacha mezani.

Eti mtu mwenye levo hawezi kukosea? Vladimir Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, Novemba 2006 kule Bonn alicheza na programu ya Deep Fritz akajiachia mwenyewe apigwe meti ya muvu moja. Muvu moja tu jamani, kitu ambacho mtoto wa wiki mbili kwenye chesi anakiona.

Sasa mtu ataniuliza, kwahiyo tusirizaini kabisa? Hapana, sijasema hivyo. Mimi kipimo changu ni kujiuliza hivi: tukibadilishana viti sasa hivi, mimi huu upande wake ningeumaliza nikiwa nimefumba macho? Kama jibu ni ndio na yeye ananizidi au tuko sawa, na saa yake ina muda wa kutosha, nanyoosha mkono. Kama amebakiwa na sekunde ishirini na hamna nyongeza ya muda, siendi popote, saa ni sehemu ya mchezo kama kete zilivyo. Na mtu anayejifunza mimi namshauri asirizaini kabisa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu wenzake nao hawajui kumaliza na yeye anatakiwa aone kwa macho yake meti ya ngome na mfalme inavyojengwa hatua kwa hatua, huwezi kuijua kama kila siku unakimbilia kusema nimekubali.

Dhana: kumlaza mfalme ndo njia rasmi

Ya kwenye muvi hiyo. Inaeleweka na hamna atakayekukamata, lakini sheria haijaitaja hiyo, inachotaka ni utamke. Tatizo la ishara ni kwamba zinachanganya. Unasimamisha saa, mwenzio anadhani unamuita refa. Unampa mkono, anadhani mmekubaliana sare, anaupokea na tabasamu, mnafika kwenye meza ya matokeo kila mmoja na stori yake. Sema tu kwa mdomo “nimekubali”, simamisha saa, toa mkono, andikeni matokeo, sainini wote wawili. Na sio lazima usubiri zamu yako, unaweza kukubali hata mwenzio akiwa anafikiria.

Kuhusu mkono wenyewe, kwenye mashindano usiuchukulie poa. Januari 2008 kule Wijk aan Zee, Uholanzi, Ivan Cheparinov alikataa kumpa mkono Nigel Short mwanzoni mwa mchezo, akapewa kipigo cha mezani. Akakata rufaa, ikaamuliwa aombe radhi wacheze, wakacheza, na Short akamfunga vilevile.

Dhana: ukigundua ulikosea kurizaini, unaweza kurudi

Hairudi hiyo. Georg Marco, Monte Carlo 1902, anacheza na von Popiel, akaona bishopu wake pale d4 kabanwa na analiwa tu hamna namna, akakubali. Kumbe bishopu yule yule angeenda g1 kulikuwa na kitisho cha meti pale h2 na wakati huo huo malkia wa mweupe, yaani von Popiel, anabaki wazi mbele ya ngome ya Marco. Yaani karizaini akiwa anashinda! Hata Garry Kasparov 1997 New York, mchezo wa pili na kompyuta ya Deep Blue, alikubali halafu wachambuzi wakaonyesha njia ya kutafuta sare kwa cheki za mfululizo. Kwahiyo kabla hujatamka, angalia kwanza cheki zako zote, hata zile za kijinga, hasa zile za kijinga. Haikugharimu kitu.

Dhana: kuacha saa iishe ni kurizaini kistaarabu

Huu ni ugonjwa wa wachezaji wa simu. Anaona anazama, anaweka simu mezani, anaenda kunywa chai, wewe huku unatazama dakika nane zinahesabika. Matokeo kwenye karatasi ni yale yale, ila huu ndo utovu wa adabu wenyewe na tovuti nyingi zinawaonya au kuwafungia wanaozoea hivyo. Kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, mpinzani akitoka kabisa, baada ya muda inakupa kitufe cha kudai ushindi, usione aibu kukibonyeza.

Dhana: watazamaji wanaruhusiwa kumwambia mtu arizaini

Hapana, hapana, na hapana. Kwenye mashindano mtazamaji haruhusiwi kuongea chochote kuhusu mchezo unaoendelea, na refa anaweza kukutoa nje. Kwenye mechi za timu kapteni peke yake ndo anaweza kumwambia mchezaji wake kubali au omba sare, na hata yeye haruhusiwi kuchambua ubao. Kijiweni najua haitawezekana leo wala kesho, wale kumi na tano wa mdomo nani atawanyamazisha, lakini kama mnaandaa kashindano kadogo hata ka watu nane, wekeni kamba, benchi la watazamaji likae mita mbili nyuma. Na wachezaji wakimaliza waweke wafalme wawili katikati ya ubao, wakikaa kwenye e4 na d5, yaani zile nyumba nyeupe, mweupe kashinda, wakikaa e5 na d4, mweusi kashinda, hapo hata aliyesimama nyuma ya kamba anajua matokeo bila kumuuliza mtu.